Kosa Halizaliwi Pale Linapoonekana

Hotuba kwa vijana watengenezaji wa programu, Mtwara mjini

Shikamooni walimu wangu mliofika. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Najua wengine mmetoka Masasi na Newala kwa basi la alfajiri, na wawili wamenisalimia pale nje wakaniambia wametoka Lindi. Asanteni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya matatizo yanayotukuta mara kwa mara tunapotengeneza programu za wavuti kwa Java na fremuweki zake, yaani mifumo iliyo tayari ambayo tunajengea programu juu yake. Wengi humu mnatumia Spring Boot, wachache bado mnaandika servleti tupu, zile klasi za Java zinazojibu maombi ya wavuti, juu ya seva ya Tomcat, na kuna dada mmoja ameniambia anatunza programu ya zamani ya Struts. Yote nitakayosema yanawahusu nyote, kwa sababu chini ya fremuweki hizo mna Java ileile na seva ileile.

Naanza na siku moja ya Novemba.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kupokelea korosho kwa chama kimoja cha huku kusini. Karani anapima gunia ghalani, anaingiza kilo na daraja, programu inatoa namba ya stakabadhi. Kazi ndogo kwa macho. Lakini nyote mnajua maana ya ile karatasi. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza hapa Mtwara msimu wa 2007/2008, mkulima hapewi fedha pale kwenye mizani. Anapewa karatasi, anasubiri mnada, kisha anasubiri malipo. Karatasi ile ndiyo korosho yake. Ikichelewa kuchapwa, palizi yake, salfa aliyokopa na miezi ya kuokota vyote vimekwama hapo.

Siku ile malori yalipanga foleni tangu alfajiri. Ilipofika saa nne asubuhi kurasa zikaanza kuganda. Karani anabonyeza, kiduara kinazunguka, kinazunguka, nusu dakika inapita, unatokea ukurasa mweupe wenye namba 500, yaani seva imeshindwa. Nikapigiwa simu. Nikajibu bila kuangalia chochote: ni intaneti ya huko. Nikazima seva, nikaiwasha. Ikafanya kazi kama dakika ishirini, ikaganda tena. Nikazima, nikawasha. Hadi magharibi nilikuwa nimefanya hivyo mara kumi na moja. Kina mama waliokuja na magunia yao walikuwa wamekaa chini ya mwembe pale ghalani, na baadhi yao walilala palepale. Nilielezwa hilo kwa simu, na sijalisahau.

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye logi ya seva, lile daftari lake la matukio, tangu saa nne ile ya asubuhi. Mstari ulisema wazi kwamba muunganisho wa kanzidata haupatikani, na kwamba ombi limesubiri milisekunde 30000 likakata tamaa. Milisekunde 30000 ni ile nusu dakika ya karani. Nilikuwa nayo mkononi siku nzima sikuisoma.

Naomba tukae hapa kidogo, maana ugonjwa huu utawapata karibu nyote. Programu yako haifungui njia mpya ya kwenda kwenye kanzidata kila mtu anapobonyeza. Inaweka miunganisho michache tayari, inaazimisha, inarudishiwa. Katika Spring Boot anayesimamia jambo hilo ni maktaba iitwayo HikariCP, na usipoigusa inaweka miunganisho 10. Tomcat kwa upande wake, usipoigusa, iko tayari kuhudumia maombi 200 kwa wakati mmoja. Fikirini watu wa Msangamkuu, ng'ambo ya maji hapa Mtwara, wangekuwa na ngalawa kumi tu za kuwavusha. Watu mia mbili wanavuka bila shida alimradi kila anayefika ng'ambo anaiachia ngalawa irudi. Akitokea mtu mmoja akafika, akaifunga ngalawa kwenye mkoko na kwenda zake, hakuna atakayeona tofauti. Zimebaki tisa. Akija wa pili, zimebaki nane. Anayepiga kelele ni yule anayekuta ufuko mtupu, na yeye hana kosa lolote.

Nilichokifanya kwenye msimbo wangu ni hiki. Niliomba muunganisho, nikasoma uzito, nikaandika stakabadhi, na mwishoni kabisa nikaurudisha muunganisho. Karani akiacha kisanduku cha kilo kitupu, programu inarusha hitilafu katikati na haifiki mwishoni. Ngalawa imefungwa kwenye mkoko. Makarani walikuwa na haraka, na kila baada ya dakika mbili hivi mmoja wao aliacha kisanduku kitupu. Mara kumi, dakika ishirini. Nikizima seva na kuiwasha, ngalawa zote kumi zinarudi ufukoni, nami nadhani nimetengeneza.

Dawa ilikuwa mabano mawili. Tangu Java 7, mwaka 2011, mnaweza kufungulia muunganisho ndani ya mabano ya neno try, na Java yenyewe itaufunga, hitilafu itokee au isitokee. Mkitumia JdbcTemplate au repositori za Spring Data, zana za Spring za kuzungumza na kanzidata, mambo hayo mnafanyiwa. Hatari inabaki pale unapoomba muunganisho kwa mkono wako kwa sababu ya ripoti moja ngumu. HikariCP pia ina kipimo kiitwacho leakDetectionThreshold. Kiwekeni milisekunde, tuseme 20000, na muunganisho usiporudishwa ndani ya muda huo, logi itawachapia mstari wa msimbo ulioazima. Ningekuwa nimekiweka, ningemaliza kazi saa nne na robo.

Na pale seva inapoganda kabisa, msiizime kwanza. Pigeni amri ya jstack na namba ya mchakato wa Java. Inachapa kila uzi wa programu, yaani kila kazi inayokwenda sambamba na nyingine, na mahali uliposimama wakati huo. Ukikuta nyuzi mia zimesimama kwenye methodi ileile ya kuomba muunganisho, umepata ugonjwa. Ukikuta zinasubiri jibu la mfumo wa malipo wa nje ambao hukuuwekea ukomo wa muda, huo ni ugonjwa mwingine na dawa yake nyingine. Kuzima seva kunafuta ushahidi wote huo. Nyie ni watoto wa wakulima. Mnajua salfa inazuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, na mnajua kwamba mkorosho ulioshambuliwa na mbu wa mikorosho unaweza kupuliziwa salfa mpaka ugeuke njano na mbu wasijali. Mzee wako huenda shambani kutazama jani kwanza. Tutazame jani.

Jani letu ni logi, na kuisoma kuna namna yake. Java ikikosea inachapa maandishi marefu, mistari themanini, mia, mingine zaidi. Vijana wengi wanasoma mstari wa juu, wanaunakili, wanautupa kwenye intaneti na kujaribu jibu la kwanza wanaloliona. Mstari wa juu ni wa tabaka la nje la fremuweki linalalamika kwamba wa chini yake ameshindwa. Naye wa chini yake analalamika hivyohivyo. Shukeni mpaka mwone maneno "Caused by", na yakiwepo zaidi ya mara moja, nendeni kwenye la mwisho. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kisha, kutoka hapo, tafuteni mstari wa kwanza wenye jina la kifurushi chenu wenyewe. Mistari ya Spring na Tomcat ipiteni. Mamilioni ya watu wanatumia mistari hiyo leo hii, na uwezekano kwamba kosa ni lenu ni mkubwa kuliko uwezekano kwamba ni lao. Nasema hivyo kwa upendo.

Ile NullPointerException inayowatia hofu wanaoanza imekuwa rafiki siku hizi. Zamani ilitaja namba ya mstari basi, nawe ukiwa umeunganisha methodi nne kwenye mstari mmoja unabaki kukisia ipi imerudisha utupu. Java 14 ilileta ujumbe unaotaja kitu gani hasa ni tupu, na kuanzia Java 15 ujumbe huo unatokea bila kuuwasha. Ukiona programu yako haikwambii, huenda bado unaendesha Java 8 au 11. Hiyo nayo ni habari.

Sasa nigusie kosa ambalo halina logi, maana hilo ndilo linalokatisha tamaa zaidi. Mdogo wangu mmoja wa hapa Mtwara aliniletea laptopu yake akiwa karibu kulia. Ametengeneza programu nzuri, inafanya kazi kwake. Ameipandisha kwenye seva mpya, Tomcat imesema imeipokea, hakuna neno jekundu hata moja, na kila ukurasa unarudisha 404, yaani haupatikani. Siku tatu. Ameandika upya kontrola zote, zile klasi zinazopokea maombi.

Nilimuuliza swali moja: Tomcat toleo la ngapi? Ya 10. Na Spring Boot? Ya 2. Basi.

Historia yake ni hii. Java iliyozaliwa kwa Sun Microsystems na kutoka hadharani mwaka 1995 iliingia mikononi mwa Oracle mwaka 2010. Baadaye Oracle ikakabidhi ile sehemu ya seva, iliyoitwa Java EE, kwa Eclipse Foundation, nayo ikapewa jina jipya la Jakarta EE. Jina la Java likabaki la Oracle, kwa hiyo vifurushi vya msimbo ambavyo majina yake yalianza na javax vikalazimika kuhamia kwenye jakarta. Uhamisho huo ulifanyika katika Jakarta EE 9, Desemba 2020. Tomcat 9 inazungumza javax, Tomcat 10 inazungumza jakarta. Spring Boot 2 ni ya javax, na Spring Boot 3 iliyotoka Novemba 2022 ni ya jakarta na inadai Java 17 kwenda juu. Ukiipa Tomcat 10 programu ya javax, haimtambui hata yule mjumbe wa Spring anayepaswa kuamsha programu. Kwake ni folda ya mafaili tu. Inaipokea kwa adabu zote na kukaa kimya. Ukiulizia ukurasa, inajibu ukweli wake: sijauona.

Tulimwekea Tomcat 9 siku hiyo ili kazi iendelee. Tomcat 10 inatambua pia folda ya webapps-javaee, ambayo programu ya zamani ikiwekwa humo inageuzwa yenyewe kuwa ya jakarta. Baadaye akahamia Spring Boot 3 kwa utulivu. Ninachotaka mchukue ni lile swali. Kabla ya kugusa msimbo, andikeni kwenye karatasi matoleo yote: Java ya kwenu na Java ya seva, Tomcat, fremuweki, kanzidata. Programu inayofanya kazi kwako na kukataa kwingine, tofauti yake mara nyingi iko kwenye karatasi hiyo.

Zipo 404 nyepesi pia. Faili la WAR, yaani programu iliyofungashwa kwa ajili ya seva, linaitwa korosho-1.2.war, na anwani inataka hiyo korosho-1.2 mbele. Au klasi kuu iko kwenye kifurushi kimoja na kontrola ziko kwenye kifurushi cha pembeni, wakati Spring Boot hutafuta kuanzia kifurushi cha klasi kuu kushuka chini na haiendi kwa jirani. Na ukiambiwa mlango 8080 tayari unatumika, mara nyingi ni programu yako ya jana haijafa. Tuendelee.

Nataka kuzungumzia Ng'apa. Wenzetu wa Lindi mnaijua. Kuna programu niliyoitwa kuikagua ambayo ilifanya kazi kwa kata zote isipokuwa chache, na mmiliki wake alishaamini kompyuta za huko zina kasoro. Kata iliyokataa ya kwanza kwenye orodha yake ilikuwa Ng'apa. Nilipoiona nilijua. Aliyeandika alikuwa anaunganisha maneno ya SQL, lugha ya kuiulizia kanzidata, kwa alama ya kujumlisha: tafuta wakulima ambao kata ni, kisha alama moja ya nukuu, kisha jina, kisha nukuu nyingine. Kile kiritifaa cha Ng'apa kinafunga nukuu kabla ya wakati, na kanzidata inabaki na neno "apa" lisilo na maana. Mwingereza anaweza kuandika programu hivyo mwaka mzima asigundue. Sisi lugha yetu imetupa ng' kila kona, katika majina ya kata, ya vijiji, ya watu na ya ng'ombe, na inatushtaki siku ya kwanza. Nashukuru kwa hilo, kwa sababu mlango uleule ulioivunja Ng'apa ndio mwizi anaoutumia kuingiza amri zake na kusoma au kufuta kanzidata nzima.

Dawa si kukataza kiritifaa. Nimeona fomu inayomwambia mtu aandike jina lake bila alama, yaani mtu mzima anaambiwa jina alilopewa na babu yake ni kosa. Hapana. Tumieni PreparedStatement, au vigezo vyenye majina katika JPA, utaratibu wa Java wa kuhifadhi data kwenye kanzidata, ili jina lisafiri kama jina na amri isafiri kama amri. Kisha kuna kazi ya pili wengi wanaisahau. Baadhi ya simu hugeuza kiritifaa kilichonyooka kuwa kile kilichopinda. Kwa macho yetu ni Ng'apa moja, kwa kanzidata ni mbili, na mkulima aliyesajiliwa kwa simu haonekani anapotafutwa kwa kompyuta. Kabla ya kuhifadhi, geuzeni viritifaa vyote viwe vya aina moja. Mistari miwili ya msimbo. Hakuna mwongozo wa kigeni utakaowaandikia hilo, kwa sababu hawaandiki lugha yetu.

Saa nazo ni zetu. Seva nyingi za kukodi zinakaa kwenye saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa masaa matatu. Lori likishushwa ghalani saa nane usiku, kwa UTC bado ni saa tano usiku ya siku iliyotangulia. Stakabadhi inaandikwa tarehe ya jana, jumla ya siku haifanani na daftari la mtunza ghala, na mtu anaanza kushukiwa wizi. Fikirini uzito wa jambo hilo, mtu kushukiwa kwa sababu ya masaa matatu ya seva. Tumieni vifurushi vya java.time vilivyokuja na Java 8 mwaka 2014. Tukio hifadhini kama Instant, yaani nukta ya wakati kwa UTC, na mnapotaka tarehe ya kusomwa na mtu, igeuzeni kwa ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam. Na fomu zenu zikiuliza saa, msiache kisanduku kitupu tu. Karani akiandika 3:00 anaweza kuwa anamaanisha saa tatu asubuhi, nayo programu ikahifadhi saa tisa usiku. Wekeni maneno asubuhi, mchana, jioni, usiku, kisha geuzeni wenyewe ndani.

Sasa fedha, na hapa naomba mnisikilize vizuri kuliko kote.

Kwanza, msihifadhi shilingi kwenye double, aina ya namba ya Java inayokadiria desimali. Iambieni Java ijumlishe 0.1 na 0.2 za double, itawaletea 0.30000000000000004. Makato ya asilimia kwa kila kilo yakizidishwa kwa maelfu ya wakulima, kile kipande cha mwisho kinakuwa fedha ya mtu. Tumieni BigDecimal, inayotunza desimali kamili, na itengenezeni kutoka kwenye maandishi, si kutoka kwenye double, maana ukiitengeneza kutoka kwenye double umeshaingiza uchafu ndani ya chombo safi.

Pili, muamala. Malipo ya mkulima ni vitendo viwili: kupunguza salio la chama na kuongeza salio la mkulima. Vyote viwili vitokee au vyote viwili visitokee. Spring inatupa alama ya @Transactional juu ya methodi, na tunaiamini. Lakini alama hiyo haifanyi kazi yenyewe. Anayefanya kazi ni wakala ambaye Spring humweka mlangoni mwa klasi yako. Anayetoka nje akiita methodi anapita kwa wakala, wakala anafungua muamala, anakupitisha, anafunga. Methodi ya ndani ya klasi hiyohiyo ikimwita mwenzake, inamwita kama watu wa nyumba moja, hawapiti mlangoni. Wakala hajui. Muamala haujafunguliwa. Kila kitendo kinajihifadhi peke yake.

Niliikuta hali hii katika programu moja ambayo sitaitaja. Kulikuwa na methodi ya kulipa wakulima wote, ikizunguka na kuita methodi ya kulipa mkulima mmoja, zote ndani ya klasi moja, na alama iko juu ya ile ndogo tu. Ilifanya kazi miezi mingi kwa sababu hakuna kilichoharibika katikati. Siku umeme ulipokatika katikati ya malipo, salio la chama lilikuwa limepungua kwa mtu ambaye hakupokea. Mtu huyo alikuja ofisini mara nne. Kila alipokuja aliambiwa kompyuta inaonyesha amelipwa.

Ihamisheni ile methodi ndogo iende kwenye klasi yake ili mlango upitwe. Na kuna mtego wa pili hapohapo. Spring, usipoiambia vingine, hurudisha nyuma muamala pale tu hitilafu ni ya jamii ya RuntimeException au Error. Hitilafu zile za kutangazwa, kama IOException unaposhindwa kuandika faili la risiti, zinapita na muamala unathibitishwa nusu. Andikeni rollbackFor, mtaje Exception nzima. Kisha jaribuni kwa makusudi: wekeni mstari unaorusha hitilafu katikati ya malipo, endesheni, fungueni kanzidata kwa macho yenu mwone salio limebaki lilivyokuwa. Sikubali mtu aniambie muamala wake ni salama kama hajawahi kuuvunja mwenyewe.

Kuhusu programu kuwa nzito, nitasema moja tu. Ukiorodhesha wakulima 300 na kwa kila mmoja ukaonyesha jina la AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi, Hibernate, maktaba inayozungumza na kanzidata kwa niaba yako, inaweza kuuliza hadi mara 301, mara moja kwa orodha na mara moja kwa kila mkulima. Kwenye laptopu yako yenye wakulima watano hutaona kitu. Washa uchapaji wa SQL, hesabu maswali kwa macho, kisha waombe wote kwa pamoja kwa join fetch. Na jazeni kanzidata ya majaribio kwa maelfu ya watu wa kubuni, msijaribie watano.

Wengine mmeniuliza kuhusu Maven, chombo kinachotupakulia maktaba za mradi, na intaneti yetu. Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ikabaki na intaneti ya kusuasua, na wengi mlishindwa hata kuanzisha mradi. Maven inahifadhi kila inachopakua kwenye folda ya .m2. Siku intaneti ikiwa nzuri, endesheni mvn dependency:go-offline, kisha siku mbaya tumieni mvn -o. Folda hiyo inanakilika kwa flashi. Mmoja wenu akiwa nayo kamili, ukumbi mzima unaweza kufanya kazi. Upakuaji ukikatika katikati, faili bovu linabaki na Java italalamika kwamba haliwezi kufunguliwa. Msifute .m2 nzima, futeni folda ya maktaba hiyo moja. Na Maven ikishindwa mara moja hukumbuka kushindwa kwake, kwa hiyo mtandao ukirudi ongezeni -U ijaribu tena.

Dada yangu wa Struts, nimekuachia hili makusudi. Usione aibu kutunza programu ya zamani, programu ya zamani inayolisha watu ni kazi ya heshima. Lakini angalia toleo lako leo jioni. Machi 2017 Apache walitoa kiraka cha kuziba tundu la usalama la Struts. Kampuni ya Equifax ya Marekani haikukiweka kwenye mfumo wake mmoja, wavamizi wakaingia Mei, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Desemba 2021 ikaja hatari ya Log4j 2, maktaba ya kuandika logi iliyomo ndani ya programu nyingi za Java duniani, ambapo maandishi fulani yakiandikwa tu kwenye logi yaliweza kuifanya seva ivute msimbo wa mvamizi. Kuna watu walikuwa wanaitumia bila kujua, kwa sababu ililetwa na maktaba nyingine. Amri ya mvn dependency:tree inaonyesha nani kamleta nani. Amri hiyohiyo ndiyo inayosaidia kutatua NoSuchMethodError, ambayo mara nyingi ni maktaba mbili zimeleta matoleo mawili tofauti ya maktaba ya tatu.

Nimeongea vya kutosha, na harufu ya pilau imeshafika. Baada ya chakula tunarudi humuhumu na laptopu. Nimetengeneza programu ndogo ya kupokelea korosho na kuiweka kwenye flashi hizi tatu pamoja na .m2 yake, ili hata mtandao ukikatika tuendelee. Ina makosa saba. Mengine nimeyataja, mengine sijayataja. Kaeni wawili wawili, mmoja asome logi kwa sauti, mwenzake aandike kwenye karatasi anachodhani kabla hajagusa msimbo. Anayetaka kuzima seva ainue mkono kwanza aje aniambie jstack imemwonyesha nini.